Maswali ya Wasomaji: Nimerekodi mazungumzo kwa siri. Je, ninaweza kuyatumia katika malalamiko yangu?

SWALI: Mimi ni mfanyakazi wa ofisi, na kwa muda wa miezi saba msimamizi wangu amekuwa akinitolea maneno ya kunidhalilisha kila tunapokuwa wawili tu, ilhali mbele ya watu huzungumza nami kwa heshima. Nilipolalamika kwa mdomo katika idara ya utumishi, niliambiwa kwamba hakuna shahidi na kwamba hilo ni neno langu dhidi ya lake. Mara ya mwisho aliponiita ofisini kwake niliwasha kinasa sauti cha simu, nikaitia simu mkobani. Nilipata dakika 47. Matusi yanasikika, na pia sentensi ambayo ananiambia kwamba nisipoacha kulalamika mkataba wangu hautaongezwa. Nimetengeneza nakala ambayo nimeondoa dakika tisa za mwanzo, kwa sababu humo mimi mwenyewe nilipandisha sauti na kusema maneno ninayoyaonea aibu. Mwenzangu mmoja anasema nikiipeleka sauti hiyo nitashtakiwa mimi. Mwingine anataka niiweke kwenye kundi la wafanyakazi ili ukweli ujulikane. Nifanye nini? (Jina limehifadhiwa.)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana kwa yaliyokupata. Kabla sijaingia katika sheria, nakuomba ufanye jambo moja leo hii. Kama rekodi nzima ya dakika 47 bado imo kwenye simu uliyorekodia, iache kama ilivyo: usiikate, usibadili jina la faili, usiifute hata ukiwa na nakala yake mahali pengine. Nakili faili hilo zima kwenye kifaa cha pili kwa waya, si kwa kulituma kupitia programu ya ujumbe, kwa kuwa nyingi za programu hizo hubana sauti na kuondoa taarifa zinazoonyesha faili lilitengenezwa lini na kwa kifaa gani. Kisha andika kwenye karatasi tarehe, saa, chumba mlichokuwamo na mahali simu ilipokuwa, ukatie sahihi. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki moja, lakini hilo halifai kusubiri.

Sasa nije kwenye swali lako, ambalo kwa kweli ni maswali matatu yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni kama kitendo cha kurekodi ni kosa. La pili ni kama chombo kinachosikiliza malalamiko kitaipokea sauti hiyo. La tatu, ambalo watu huwa hawaliulizi mpaka wamechelewa, ni kama ikipokelewa itakusaidia au itakuumiza. Wenzako wawili wanabishana kwa sababu mmoja anajibu la kwanza na mwingine hajibu lolote kati ya hayo, na jibu la moja haligeuki kuwa jibu la jingine.

Barua yako haikutaja nchi uliyomo, nami sitakisia. Nitakueleza jinsi sheria zinavyogawanyika, ili umwendee wakili au chama chako cha wafanyakazi ukijua cha kuuliza. Katika nchi nyingi mstari mkubwa umechorwa kati ya mtu anayerekodi mazungumzo ambayo yeye mwenyewe ni mshiriki na mtu anayenasa mazungumzo ya wengine. Sheria ya jinai ya Canada hairuhusu kunasa mawasiliano ya faragha ya watu, lakini inakubali pale mmoja wa wazungumzaji anaporidhia, na huyo mmoja anaweza kuwa ndiye anayerekodi. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2002 inafuata njia hiyo hiyo, ilimradi mshiriki hafanyi hivyo kwa nia ya kutenda kosa. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 nayo inatosheka na ridhaa ya mzungumzaji mmoja. Uingereza haina kosa la jinai kwa mtu anayerekodi mazungumzo yake mwenyewe kwa matumizi yake mwenyewe.

Lakini mtu asisome aya hiyo akaishia hapo. Ndani ya Marekani hiyo hiyo yapo majimbo, California na Florida miongoni mwao, yanayotaka kila mzungumzaji aridhie pale ambapo mazungumzo ni ya siri, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba sheria yake kali ndiyo itakayotumika hata kama anayerekodi simu yuko katika jimbo lenye sheria nyepesi, maadamu anayerekodiwa yuko California. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 201 cha sheria yake ya jinai kinalinda neno lolote lililosemwa faraghani, na anayelirekodi bila idhini anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini, hata akiwa ndiye aliyekuwa akiongea na huyo mtu. Ufaransa nayo ina adhabu ya hadi mwaka mmoja jela na faini ya euro 45,000 kwa anayenasa maneno ya faragha au ya siri bila ridhaa ya msemaji. Kwa hiyo mwenzako aliyekutahadharisha kuhusu kushtakiwa hakusema upuuzi. Alisema jambo ambalo ni kweli mahali pamoja na si kweli mahali pengine. Uliza kwanza sheria ya mahali ulipo, na kwa mazungumzo ya simu, uliza pia ya mahali alipo unayezungumza naye.

Zipo pia nchi ambazo sheria zake hazisemi waziwazi lolote kuhusu mtu anayerekodi mazungumzo yake mwenyewe, bali zinalinda faragha kwa ujumla. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake. Katiba ya Tanzania inafanya hivyo katika ibara ya 16. Juu ya katiba hizo zimekuja sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, ambazo zinaitazama sauti ya mtu anayetambulika kama taarifa yake. Katika hali kama hiyo, swali la kama umekosea hutegemea sana sababu yako ya kurekodi, ulichorekodi, na hasa ulichokifanya na sauti hiyo baadaye. Hapo ndipo ushauri wa mwenzako wa pili unapokuwa wa hatari, nami nitaurudia chini.

Kuna tabaka jingine chini ya sheria, nalo ni kanuni za kazi yako. Soma mkataba na mwongozo wa nidhamu. Kurekodi kunaweza kusiwe kosa la jinai na bado mwajiri akakuhesabia ni utovu wa nidhamu. Jambo hili lilizungumzwa kwa kina mwaka 2019 na baraza la rufaa la kazi la Uingereza, katika shauri la mfanyakazi aliyerekodi kwa siri kikao chake na idara ya utumishi. Mwajiri alidai kwamba kitendo hicho kilivunja uaminifu wote kati yao na kwamba fidia yake iondolewe. Baraza halikukubali kwamba kila rekodi ya siri ina uzito huo. Lilisema ni lazima kuangalia nia: kama mtu aliyechanganyikiwa alikuwa akijaribu kujihifadhi, au alikuwa akimtega mwenzake, na kama alikuwa ameambiwa waziwazi asirekodi. Lakini likaongeza kwamba desturi njema ni mtu kusema kuwa anataka kurekodi, na kwamba kukaa kimya bila sababu ya msingi kwa kawaida kunahesabiwa kuwa kosa. Naona huo ni uamuzi wa busara, na ningependa kila idara ya utumishi iusome, kwa sababu mtu aliyeambiwa «huna shahidi» amesukumwa na idara yenyewe kuutafuta ushahidi.

Sasa swali la pili: je, sauti itapokelewa? Watu hudhani kwamba kilichopatikana kinyume cha sheria hutupwa nje moja kwa moja. Haikuwa hivyo zamani, na katika nchi nyingi si hivyo hata leo. Shauri linalotajwa sana katika jambo hili lilitoka Kenya wakati wa ukoloni. Kuruma wa Kaniu alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani na kupekuliwa na askari ambaye cheo chake hakikumruhusu kufanya upekuzi huo, akadaiwa kukutwa na risasi mbili, na akahukumiwa kifo. Mwaka 1955 Baraza la Siri mjini London (Privy Council), lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, lilisema kwamba ushahidi ukihusiana na jambo linaloamuliwa unapokelewa, na mahakama haijishughulishi na jinsi ulivyopatikana. Kanuni hiyo ilikuwa kali mno, na nchi nyingi zimeilegeza. Kenya yenyewe, katika ibara ya 50(4) ya katiba yake, sasa inataka ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi ukataliwe ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Ufaransa ilipita njia ya kinyume: kwa miaka mingi majaji wake wa madai walikuwa wakiikataa rekodi ya siri kama ushahidi wa hila, lakini tarehe 22 Desemba 2023 mahakama yake ya juu ya rufaa, majaji wake wakiwa wameketi kwa pamoja, ilisema kwamba ushahidi wa namna hiyo unaweza kupokelewa ikiwa hakuna njia nyingine ya kuthibitisha haki inayodaiwa na ikiwa madhara kwa faragha hayazidi haja iliyopo. Zingatia kwamba katika shauri lile aliyerekodi kwa siri alikuwa mwajiri. Mlango ukifunguliwa, hufunguliwa kwa pande zote mbili, na huenda msimamizi wako naye ana simu.

Kamati ya ndani ya kazini au ofisi ya kushughulikia malalamiko kwa kawaida haibanwi na sheria za ushahidi kama ilivyo mahakama. Inaweza kuisikiliza sauti yako bila mjadala mrefu, au inaweza kukataa kuisikiliza na kukutaka ueleze kwa maneno. Kwa hiyo usiandike malalamiko yaliyosimama juu ya rekodi peke yake. Yaandike kana kwamba rekodi haipo: tarehe, maneno uliyoambiwa, athari zake kwako na kwa kazi yako, kisha mwishoni useme kwamba unayo sauti ya kikao cha tarehe fulani na uko tayari kuitoa.

Nije kwenye zile dakika tisa, kwa sababu hapo ndipo malalamiko yako yote yalipo hatarini.

Mwaka 1965, mahakama ya rufaa ya Uingereza, katika shauri la mauaji lililotegemea ukanda wa sauti ulionaswa kwa maikrofoni iliyofichwa, iliweka misingi ambayo bado inafuatwa: ukanda unapokelewa kama usahihi wake unaweza kuthibitishwa, kama sauti za wazungumzaji zinatambulika bila shaka, na kama maneno yana uhusiano na shauri, na hata hivyo utazamwe kwa tahadhari. Wazungumzaji wale hawakutumia Kiingereza, kwa hiyo mahakama ilishughulika pia na tafsiri zilizotofautiana. Sheria za sasa zimeyaweka mambo hayo katika lugha ya kompyuta lakini kiini ni kile kile. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inataka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, jinsi uadilifu wake ulivyolindwa na jinsi mtoaji wake alivyotambuliwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inataka cheti kinachoeleza kifaa na namna rekodi ilivyopatikana. Maswali yote hayo, kwa Kiswahili cha kawaida, ni swali moja: je, hiki ndicho kilichotokea, chote, bila kuguswa?

Faili lenye dakika 38 haliwezi kulijibu swali hilo. Msimamizi wako atakumbuka kwamba ulipandisha sauti. Atasema hivyo kwenye kamati, nawe utaulizwa mwanzo uko wapi. Wataalamu wa sauti wana njia nyingi za kuona mkato, mojawapo ikiwa mvumo hafifu wa umeme wa nyumbani, wa mizunguko 50 au 60 kwa sekunde, ambao mara nyingi hujipenyeza kwenye rekodi bila sikio kuusikia, na ambao huruka ghafla pale sauti ilipokatwa. Siku hizi, ambapo programu zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa ufasaha wa kutisha, upande wa pili unaweza kudai kwamba hata zile sentensi za kweli zimetengenezwa, na mkato mmoja ulioufanya kwa aibu utakuwa hoja yao kubwa.

Toa dakika zote 47. Andika katika malalamiko yako, kwa mkono wako, kwamba mwanzoni ulisema maneno ambayo hukupaswa kuyasema, na uyataje. Mtu aliyevumilia miezi saba akapandisha sauti siku moja anaeleweka. Anayeficha kwamba alipandisha sauti haeleweki, na kila neno lake jingine linaanza kupimwa upya. Usiitupe wala kuikana ile nakala uliyoikata, bali eleza kwamba uliitengeneza, lini na kwa nini, na kwamba siyo unayoitegemea.

Ambatisha na maandishi ya mazungumzo yale, kila upande ukitajwa, pamoja na dakika na sekunde pembeni. Andika kila kitu kama kilivyo, na mahali ambapo msuguano wa kitambaa cha mkoba umefunika neno andika «haisikiki», usijaze unachofikiri kilisemwa. Wanaosikiliza malalamiko hawana muda wa kukaa na dakika 47, na wengi wao watasikiliza tu sehemu utakazowaonyesha. Kwa maoni yangu sentensi muhimu kuliko zote si matusi, bali ile inayounganisha malalamiko yako na kuongezwa kwa mkataba. Matusi yataitwa hasira ya siku mbaya. Kumtishia mtu riziki yake kwa sababu amelalamika ni kulipiza kisasi, na katika sheria nyingi za kazi hilo ni kosa linalosimama peke yake. Onyesha dakika na sekunde zake katika ukurasa wa kwanza.

Kuhusu kundi la wafanyakazi, jibu langu ni hapana, na ninalisema kwa mkazo. Sheria nyingi zinazosamehe kurekodi hazisamehi kusambaza. Ukiipeleka sauti kwa chombo chenye mamlaka ya kusikiliza malalamiko, una sababu halali inayotambulika. Ukiirusha kwa watu 60 ambao hawana la kuamua, umeingilia faragha ya mtu, umejiweka katika hatari ya kudaiwa kwa kashfa, na umempa msimamizi wako malalamiko yake mwenyewe. Kamati itakuwa na mafaili mawili mezani badala ya moja, na uzoefu wangu ni kwamba lile la usambazaji husikilizwa kwanza kwa kuwa ni rahisi kuthibitisha.

Na kuanzia sasa, usitegemee mkoba. Akikuita tena, mwombe kwa barua pepe kwamba mtu wa tatu awepo, au umwambie kwamba ungependa kurekodi ili nyote wawili mpate kumbukumbu sahihi. Akikataa, kukataa kwake kumebaki katika maandishi. Baada ya kikao mwandikie siku hiyo hiyo: «Katika kikao chetu cha leo uliniambia kwamba…» Asipokanusha, una waraka ambao hauhitaji mtaalamu wa sauti wala mjadala wa faragha. Daftari lililoandikwa siku ya tukio, kwa tarehe, limeshinda mashauri mengi kuliko simu zilizofichwa.

SWALI: Ninapopiga simu huduma kwa wateja ninaambiwa kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Baadaye wakikana walichoniahidi, sina la kuonyesha. Je, na mimi ninaruhusiwa kurekodi?

JIBU: Tangazo hilo linawabana wao katika kukurekodi wewe, usilichukulie moja kwa moja kama ruhusa ya wewe kuwarekodi, ingawa ni vigumu kwao kudai kwamba walitegemea usiri. Katika mahali panapodai ridhaa ya kila mzungumzaji, mwambie mhudumu mwanzoni, «Na mimi ninarekodi,» kisha uendelee akikubali. Kwa simu za sasa huenda usiwe na uchaguzi: Apple ilipoweka uwezo wa kurekodi simu mwaka 2024 iliweka pia sauti inayowatangazia wote wawili kwamba wanarekodiwa.

Iko njia nyepesi zaidi ambayo watu wachache huitumia. Rekodi yao tayari ipo, nayo ina sauti yako. Sheria za taarifa binafsi, ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2018 na nyingine nyingi zilizofuata mfano wake, zinampa mtu haki ya kuomba nakala ya taarifa zake. Waandikie, uwape nambari ya simu uliyotumia, tarehe na saa, na uombe rekodi ya mazungumzo hayo. Fanya mapema, kwa kuwa kampuni hufuta rekodi baada ya muda wanaojipangia. Katika barua hiyo hiyo watake waihifadhi mpaka malalamiko yako yaishe. Wakiifuta baada ya kuipokea barua, hilo nalo utaliwasilisha.

SWALI: Wiki ijayo nitakuwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wakinitoa nje ili wajadiliane, je, ninaweza kuiacha simu yangu mezani ikiendelea kurekodi?

JIBU: Usifanye hivyo. Ukiwa ndani ya chumba wewe ni mshiriki wa mazungumzo. Mlango ukifungwa nyuma yako umekuwa mtu anayenasa maneno ya wengine, na hapo hata zile nchi nyepesi zinakugeuka. Mwaka 2006 baraza la rufaa la kazi la Uingereza lilikutana na jambo hili hasa. Mfanyakazi wa shule alirekodi kwa siri vikao vyake vya nidhamu, na kifaa chake kikanasa pia majadiliano ya wajumbe alipokuwa ametolewa nje. Baraza lilikubali sehemu ya vikao ambavyo yeye alikuwamo, likaikataa sehemu ya majadiliano, kwa hoja kwamba wanaoamua lazima wawe huru kubishana bila kuogopa kusikilizwa.

Omba mwanzoni mwa kikao uruhusiwe kurekodi sehemu unayohudhuria, na ombi lako pamoja na jibu lao viingizwe kwenye muhtasari. Ukitaka kujua walivyofikia uamuzi, omba kwa maandishi wakupe sababu zao pamoja na muhtasari uliotiwa sahihi, kisha linganisha muhtasari huo na kumbukumbu ulizoandika jioni ile ile. Pale vinapotofautiana, waandikie masahihisho yako kabla muda wa kukata rufaa haujaisha.